Melini unalala, unaamka Mwanza

Desemba iliyopita mwenzangu wa kazini alirudi kutoka Bukoba na kopo la senene, wale panzi wa kukaangwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, muda wa chai. Alilifungua katikati ya meza, harufu ya mafuta na kitunguu ikajaa chumba kizima, watu wakaanza kuchota kwa vidole. Mmoja ambaye si wa kwetu akauliza kama huwa wanatolewa miguu na mabawa kabla ya kukaangwa. Akajibiwa. Kopo likazunguka, likafika mbele yangu.

Mkono wangu haukwenda.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba senene wananisumbua tumbo. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi cha kuliamini mwenyewe. Siku hiyo nilifungua mdomo niliseme tena, na badala ya maneno nikaona karatasi. Karatasi ya daftari yenye mistari ya buluu, ukingo mmoja umechanika pale iliponyofolewa kwenye pini. Juu yake mwandiko wangu wa darasa la pili: Mama Mdogo, njoo upesi. Usisahau senene.

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi mpaka muda wa chai ukaisha.

Mama Mdogo alikufa maji tarehe 21 Mei 1996, ndani ya MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Nilikuwa na miaka minane. Hilo sijalisahau hata siku moja. Ile karatasi ndiyo sikuwa nimeiona kwa karibu miaka 30.

Mimi ndiye niliyemwita.

## Nyumba isiyotaja jina

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kusimuliwa habari ya meli ile, kwa hiyo nitasema yetu tu. Habari iliingia kwetu Mabatini, Mwanza, kupitia redio ya jirani. Nakumbuka muziki wa maombolezo, na baadaye watu wazima wakisema Rais Mkapa ametangaza siku tatu za msiba kwa nchi nzima. Mama Mdogo alikuwa amepandia Kemondo, daraja la tatu. Meli ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Kwa hiyo jina lake halikuwa limeandikwa popote. Baba alikwenda kutazama miili siku nne mfululizo. Jioni alikuwa anaoga uani kabla hajaingia ndani. Hakumwona. Matanga yakaanuliwa bila kaburi.

Baada ya hapo nyumba ikafunga mdomo.

Hakuna aliyetoa amri. Picha yake ilitolewa ukutani, msumari ukabaki. Mgeni akimtaja, mama alikuwa ananyanyuka kwenda kuangalia chungu jikoni, hata kama jiko halikuwa limewashwa. Wazee walikuja na ile methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeichukia kwa muda mrefu, na sasa najua sababu. Methali ile ina sehemu mbili, na kuganga ni kazi. Sisi tuliishika sehemu ya kwanza tukadhani tumemaliza.

Julai mwaka ule ule mama alijifungua mtoto wa kike. Kwenye kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa aliandikwa jina la Mama Mdogo. Nyumbani tukamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Sijawahi kumsikia mama akimwita binti yake kwa jina lake. Walimu walimwita, wauguzi walimwita, na yeye mwenyewe alikua akidhani ni jina la bibi fulani wa zamani.

Kuna jambo jingine ambalo nililielewa juzi tu. Mama alipotaka kwenda Bukoba kwenye msiba au harusi, hakuwa anapita kivuko cha Busisi kama watu wengine. Alikuwa anapanda basi la Shinyanga, anaunga Kahama, anapandisha Biharamulo, anazunguka karibu siku nzima ya ziada ili asipite juu ya maji. Ukimuuliza alikuwa anasema mabasi ya huko yana viti vizuri.

Tulimwamini. Au tulimwacha aaminike.

## Dubu mweupe

Wiki zilizofuata sikulala vizuri, na mimi nikikosa usingizi husoma. Nilianza na Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, kama ambavyo ungetegemea. Mwaka 1915 alichapisha makala nzima juu ya jambo hili: akili inalisukuma chini lile lisilovumilika, inaliwekea mlinzi mlangoni, nalo haliishi nguvu. Linarudi kwa mlango mwingine, katika ndoto, kuteleza kwa ulimi, ugonjwa usio na chanzo. Alikuwa mpenzi wa vitu vya kale, chumba chake cha kazi pale Vienna kilijaa sanamu zilizofukuliwa makaburini, na alipenda kuifananisha kazi yake na ya mchimbaji wa magofu: unaondoa udongo tabaka kwa tabaka mpaka ufike kwenye mji uliozikwa.

Tumbo linalokataa senene kwa miaka 29 lingemfurahisha sana.

Lakini nilipoendelea kusoma nilianza kushuka moyo. Watafiti wengi wa kumbukumbu leo hawakubali kwamba akili huzika kitu kizima kikabaki safi chini, kikingoja jembe. Wanachokubali ni kidogo na, kwangu mimi, kigumu zaidi: tunakwepa. Kila wazo linapotokeza kichwa tunageuka upande wa pili, na kugeuka kukizoeleka hakuhitaji tena nguvu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila atakapowajia. Kengele zililia. Kisha wakaruhusiwa kumfikiria, na dubu akaja mara nyingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo sikuweza kujidanganya kwamba nilikuwa nimesahau. Kiswahili kina maneno mengi kwa hili kuliko nilivyodhani: kumeza, kufukia, kujikaza, kuweka moyoni, kupiga moyo konde. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana ya kusahau. Yote ni vitenzi vya mtu anayefanya kazi.

Na harufu inaingilia kazi hiyo. Njia ya harufu kwenda kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hofu na kumbukumbu ni fupi kuliko ya macho au masikio. Inafika kabla hujajiandaa kugeuka.

## Barua ilipoanza kujibiwa

Mwanzoni ilikuwa karatasi tu.

Wiki ya pili nikakumbuka kalamu, ya wino mwekundu, niliyoichomoa kwenye mkoba wa baba. Wiki iliyofuata nikakumbuka mahali nilipokaa, kwenye ngazi ya nyuma, mguu mmoja ndani ya ndara ya mtu mzima. Kisha usiku mmoja wa Januari nikakumbuka jibu. Lilikuwa kwenye karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa kulala, herufi ndefu: Nitakuja nao, mwanangu.

Nililia usiku ule, na asubuhi nikaogopa.

Niliogopa kwa sababu kitu kilichotoka ardhini hakitakiwi kuota majani kila usiku. Kama ningekuwa nafukua, basi kila siku ningekuwa nasafisha kile kile. Mimi nilikuwa naongeza. Na kila kilichoongezeka kilikwenda upande mmoja: kunifanya niwe na hatia zaidi. Sasa nilikuwa nimemwita, naye alikuwa ameniahidi.

Nikarudi kusoma, safari hii kwa woga. Marekani ya miaka ya 1980 na 1990 ilipitia jambo hili la kumbukumbu zinazoibuka kwa maumivu makubwa. Mwaka 1990, California, baba mmoja alitiwa hatiani kwa mauaji ya mwaka 1969, na ushahidi mkuu ulikuwa kumbukumbu ya bintiye, ambaye alisema aliiona ile siku akiwa mtoto, ikazama kwa miaka 20, kisha ikaibuka. Hukumu ilibatilishwa mwaka 1995. Mtu huyo aliachiwa mwaka 1996. Nilipoiona tarehe hiyo niliifunga kompyuta kwa muda.

Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia aliyetoa ushahidi katika kesi nyingi za aina hiyo, alifanya jaribio na mwenzake, likachapishwa mwaka 1995. Watu 24 walipewa visa vinne vya utoto wao. Vitatu vilikuwa vya kweli, vimetoka kwa ndugu zao. Cha nne kilitungwa: kwamba walipokuwa na miaka kama mitano walipotea dukani, wakalia, mzee mmoja akawaokoa. Robo hivi yao walikikumbuka, chote au sehemu, wengine wakaongeza mambo ambayo hawakuwa wameambiwa.

Lililonikaa zaidi ni la mwanasaikolojia mwingine, Ulric Neisser. Chombo cha anga Challenger kililipuka tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi iliyofuata aliwaandikisha wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Emory walikuwa wapi na nani aliyewapa habari. Karibu miaka mitatu baadaye aliwauliza baadhi yao tena. Robo ya walioulizwa walikosea kila kitu, huku wakiwa na uhakika. Alipowaonyesha karatasi zao za mwanzo, kumbukumbu ya kweli haikurudi. Mwandiko waliukubali kuwa ni wao. Picha waliyoiona kichwani ilikuwa bado ile nyingine.

Rafiki mmoja anayenitakia mema alinishauri niende kwa mtu wa maombezi anayewafumbisha watu macho na kuwatoa yaliyofichika. Nilikataa, na nitakataa tena. Mtu akikufumbisha macho na kukuambia yupo chini pale, utamwona. Akili yenye huruma na wewe itakuchorea.

Lakini hata kukataa huko hakukuniambia kama niliandika ile barua ya kwanza au la.

## "Ukitoboa, hewa inatoka"

Kaka alikuwa na miaka 15 mwaka ule. Nilimpigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi, kuna tatizo?"

Kwetu simu ya usiku huwa inapokelewa hivyo. Nikamwambia hakuna tatizo, nataka kuuliza kuhusu Mama Mdogo. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Unataka kufukua makaburi ya nini?"

"Hana kaburi, kaka."

Sikukusudia kulisema kwa namna ile. Aliguna. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake maisha yangu yote.

"Unajua walivyofanya pale ziwani. Meli ilikuwa imepinduka, watu wanasikika ndani wanagonga. Wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, ikazama yote. Walikuwa na nia njema wale. Ukitoboa, hewa inatoka. Mama ana miaka 70 na zaidi. Mwache aelee."

Akakata simu.

Nimeishi na maneno yake kwa wiki kadhaa, na sitaki kuyapita haraka kwa sababu nilikuwa tayari nimeamua kwenda Mwanza. Kaka hakuwa anaongopa. Kwa miaka mingi, baada ya ajali kubwa, wataalamu wa nchi za Magharibi walikuwa wanawakusanya manusura ndani ya siku chache na kuwataka wamwage yote kwa kikao kimoja. Tafiti zilipokuja kulinganishwa, kikao hicho hakikuonekana kuzuia kiwewe, na kwa baadhi ya watu kilikizidisha. Wako watu ambao kunyamaza ndiko kulikowafikisha walipofika. Nani kanipa mimi haki ya kuita unyamavu wa mama ugonjwa?

Upande wa pili alikuwepo mwanasaikolojia James Pennebaker. Mwaka 1986, yeye na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne, juu ya tukio zito kuliko yote waliyopitia. Siku zenyewe waliondoka na huzuni. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyolihisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo madogo madogo. Nilishika hapo. Wale waliandika kwa hiari, kidogo kidogo, wakijua wataacha lini. Hawakutobolewa na mtu.

Niliamua nitauliza swali moja. Mama akinyanyuka kwenda kuangalia chungu, nitamwacha.

## Beseni la ndizi

Jioni ya pili mama alikuwa barazani, beseni la ndizi katikati ya miguu, anamenya, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikachukua kisu kingine nikavuta kigoda. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, kuna maneno yanayopita.

"Mama, Mama Mdogo alikuwa anakuja kufanya nini ile Mei?"

Kisu chake hakikusimama. Alimaliza ndizi ile, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Najiuliza mwenyewe."

Akamenya ndizi mbili zaidi. Jiko lilikuwa hatua tano kutoka pale. Hakunyanyuka.

"Nilimwita mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri, nikaacha kumenya.

"Mimba ya Kitinda ilinishika vibaya. Miguu ilivimba, siwezi kuinama, baba yenu yuko kazini, ninyi watoto. Nikamtumia salamu kwa mama mmoja wa biashara ya ndizi aliyekuwa anapanda meli kila wiki. Mwambie mdogo wangu aje akae na mimi mpaka nijifungue. Akajibu atakuja Juni, avune maharage kwanza. Nikatuma salamu ya pili. Nikasema kama hataki kuja, aseme."

Akanyamaza, kisha akairudia ile ya mwisho kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. "Nikasema kama hataki kuja, aseme."

Mtoto aliyezaliwa akapewa jina, na jina likamkwama mama kooni kwa miaka 29.

Nami nikamwambia habari ya barua. Nilimwambia yote, kalamu nyekundu, ndara, senene, na jibu lake kwenye karatasi ya kahawia. Hapo ndipo mama alipoweka kisu chini kwa mara ya kwanza.

"Barua gani ya kujibu? Mama yako mdogo hakujua kuandika. Alitolewa shule darasa la pili akamwuguze bibi yenu. Hata kwenye karatasi za kahawa alikuwa anaweka dole gumba."

"Labda aliandikiwa na mtu."

"Na nani?"

"Labda mwalimu, labda..."

Nikajisikia nikimbishia. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa Neisser, nimeshikilia karatasi yangu, nasema sivyo ilivyokuwa. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile barua ya jibu, mikunjo minne na herufi zake ndefu, wazi kuliko ninavyouona uso wa Mama Mdogo mwenyewe. Na haikuwahi kuwepo. Niliandika mimi, usiku mmoja wa Januari, kwa mwandiko wa mtu asiyejua kuandika.

Na barua yangu ya kwanza? Mama hakuikumbuka. "Ulikuwa unaandika kila siku wewe. Makaratasi yako nilikuwa nawashia moto." Huenda mojawapo ilifika Kemondo na kusomewa mtu. Huenda iliishia jikoni. Nimekubali kwamba sitajua.

Nilitegemea nitahisi nimetuliwa mzigo. Nilihisi kama nimeibiwa. Lile jibu lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho kutoka kwake, hata kama kilikuwa kinaniua.

Labda mama aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu alianza kusema. Alisema kwamba mdogo wake alikuwa wa mkono wa kushoto na bibi alikuwa anamchapa kwa hilo. Kwamba alikuwa anapiga mluzi shambani, jambo ambalo mwanamke hakuruhusiwa, na watu walikuwa wanajua yuko mstari gani wa migomba kwa kusikia tu. Kwamba aliwahi kuchumbiwa na fundi baiskeli wa Kanyigo, akamkataa kwa sababu hakucheka. Kwamba alikuwa anaogopa maji. Hilo mama alilisema kisha akakaa nalo kidogo, akaendelea. Giza likaingia, ndizi zikabaki majini, chakula hakikupikwa usiku ule, tukala mkate na chai.

Nilikuwa nimechimba kichwani mwangu miezi miwili nikapata karatasi moja ya mashaka na nyingine ya uongo. Dada wa mama, mwenye mkono wa kushoto na mluzi, alikuwa amekaa kwa mama wakati wote huo. Hakuwahi kuwa kwangu. Nilikuwa na miaka minane tu.

## Dakika kumi na moja

Nilimwandikia kaka kwamba nimezungumza na mama na mama yuko salama. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akatuma ujumbe wa sauti wa dakika 11. Kaka si mtu wa ujumbe wa sauti.

Anasema kwamba Pasaka ya mwaka ule alikuwa likizo Bukoba. Anasema Mama Mdogo alimuuliza, kwa kuwa yeye ni msomi na amesafiri: nikija kwa dada nipande basi au meli? Naye alikuwa amekwenda kwa basi, mvua imekata barabara, wakalala porini siku mbili. Akamjibu kwa kujiamini kwa kijana wa miaka 15:

"Usihangaike na basi. Melini unalala, unaamka Mwanza."

Baada ya maneno hayo kuna sekunde nyingi ambazo hasikiki. Zinasikika pikipiki za barabarani na mlango wa gari. Kisha anasema, "Hiyo ndiyo hewa niliyokuwa nayo mimi."

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Tulikuwa wanne ndani ya nyumba moja. Baba alikufa mwaka 2009 na sijui yeye alikuwa amebeba nini, ingawa sasa naamini alibeba kitu, kwa namna alivyokuwa anajisugua pale uani. Sisi watatu tuliobaki kila mmoja alijua kwa yakini kwamba ni yeye aliyemuua. Tulikaa meza moja kila siku na tukaamini tunawalinda wengine. Kumbe tukiwa tumenyamaza kila mmoja alikosa kusikia kwamba si yeye peke yake aliyemwita.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyejaza watu kwenye meli ya abiria 430. Hakuna aliyeachia meli iondoke Kemondo bila kuhesabu waliokaa chini. Hili naliandika kwa hasira, na nimechelewa kuwa na hasira hiyo. Hatia tuliyojifungia ndani ilitufanya tusiulize swali hata moja nje.

Sitaki kusema kwamba kaka alikosea. Mama alishikwa na presha wiki moja baada ya mimi kuondoka, akalazwa usiku mmoja. Daktari alisema ni dawa alizoacha kumeza. Inawezekana. Mimi nilikaa na simu mkononi usiku ule nikilifikiria lile bati lililotobolewa.

## Kitinda

Kitinda ana miaka 29, anaishi na mama Mwanza. Mama alimwambia mwenyewe, Jumapili baada ya misa, na hakutaka yeyote kati yetu awepo. Kitinda alinipigia jioni. Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli Mama Mdogo alikuwa anapiga mluzi, kwa sababu yeye hupiga mluzi akiosha vyombo, na mama kila mara humfokea.

Mei hii inatimia miaka 30. Kaka amesema atakuja. Tunataka kwenda Igoma, walikozikwa wasiotambuliwa, halafu twende Kemondo. Nilimpigia mama wiki iliyopita kupanga safari, nikamwambia gari litapita Kahama kama anavyopenda.

"Hilo daraja jipya la Kigongo," akasema, "lina kingo pembeni?"

Lilifunguliwa Juni mwaka jana, kilomita 3 juu ya ghuba pale pale kilipokuwa kivuko cha Busisi. Nikamwambia linazo, mama, pande zote mbili.

Akakaa kimya. Nikasikia kuku uani.

"Ngoja nimwite mdogo wako aandike tarehe."

Akauondoa mdomo kwenye simu, akaita. Hakuita Kitinda. Aliita lile jina, mara ya kwanza kwa sauti ya chini, kama anayelijaribu mdomoni. Kisha akaliita tena kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliye mbali shambani, kati ya migomba.

Kutoka ndani ya nyumba nikasikia, "Abee, mama."